Seli za Mtu Mwingine

Katika maabara yao pale mjini Lund, Ylva Sandelin ndiye aliyekuwa mlezi wa seli. Zilikuwa seli za saratani ya kongosho, au ndivyo kibandiko cha chupa kilivyodai. Alizilisha, akazigawa, akazigandisha, na juu yake akaijaribu dawa yao mpya, iliyotengenezwa kuziba protini moja tu ambayo seli zile hazingeweza kuishi bila hiyo. Zilikufa zote. Akaringa kidogo, na nani asingeringa.

Kisha mumewe, Torkel, akapatikana na saratani hiyohiyo ya kongosho. Hospitali ikampa njia mbili: dawa za zamani, ambazo huchosha mwili lakini huongeza miezi, au asubiri majaribio ya dawa ya kina Ylva, ambayo hayakumtaka mgonjwa aliyekwisha kutibiwa.

"Subiri, mume wangu," Ylva akamwambia. "Nimeiona ikifanya kazi kwa macho yangu haya."

"Haya, bosi. Mimi ni nani nibishane na mwanamke mwenye darubini?"

Akasubiri, huku suruali zikizidi kumpwaya.

Maabara ile ina desturi kwamba aliyeharibu kitu huleta keki saa ya kahawa. Asubuhi moja keki ililetwa na Håkan, mkuu wao mwenyewe, naye hakumtazama mtu usoni. Seli zimepimwa asili yake, alisema. Si za kongosho. Ni za saratani ya mlango wa kizazi, aina ile inayovamia chupa za maabara na kuzisonga seli nyingine kama magugu. Walizipata kama zawadi kutoka kwa profesa mwenye jina kubwa, na zawadi ya profesa hakuna aliyeona haja ya kuipima.

"Na ile protini?" Ylva akauliza. "Kwenye kongosho ipo?"

"Tumeangalia uvimbe wa wagonjwa. Haipo, Ylva. Majaribio yamefutwa."

Keki haikukatwa. Watu wazima na shahada zao, wameua seli za mtu mwingine miaka yote hiyo na kupeana mikono. Ylva alichukia wote waliokuwa mezani, akajichukia zaidi, akavaa koti akatoka.

Akiwa kituo cha basi alimpigia daktari wa Torkel simu. Daktari alisema ini limeshaingiliwa na saratani, na mwili ule hautazistahimili tena zile dawa za zamani.

Torkel alikuwa jikoni akimenya viazi huku ameketi, maana kusimama kulishamshinda.

"Umewahi leo. Wameniita?"

"Hawatakuita." Akamweleza yote, hata maneno ya daktari, bila kupunguza. "Mimi ndiye niliyekuchelewesha, Torkel."

Torkel akaweka kisu mezani. Hakumfokea, na afadhali angemfokea.

"Zile dawa za zamani," akauliza taratibu, "zingenipa miezi mingapi?"