Nyapara Aliyekula na Genge Lake

Siku niliyofanywa nyapara wa genge la reli, msimamizi wetu Mzungu alinipa filimbi na hema la peke yangu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Wewe sasa nyapara. Nyapara hapana kula na kuli. Ukila nao, watakupanda kichwani."

Filimbi niliivaa shingoni. Hema nikaliwekea majembe na sururu.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya pili vya dunia, tukitandika reli kutoka bandari mpya ya Mtwara kwenda bara. Genge langu lilichanganya Wamakonde, Wamakua na Wayao, na utani wetu haukujua saa ya kazi wala ya kupumzika. Mmakua akijikwaa, Myao alianza papo hapo kumlilia kama maiti na kuuliza nani atatoa sanda. Msimamizi aliposikia vicheko alikunja uso. Kwake yeye, mtu anayecheka hafanyi kazi. Lakini jioni akipima njia, sisi ndio tuliokuwa tumefika mbali kuliko magenge mengine, na hilo lilimkera zaidi.

Chuma cha reli kina tabia yake. Mwimbishaji akitoa wimbo, wote mnainua pamoja, mnapiga hatua pamoja, mnatua pamoja. Mmoja akilegeza bega, uzito wake hauendi mbinguni, unamwangukia jirani.

Basi akaja shemeji yangu, mume wa dada yangu, kutoka Nanyamba. Nilimwombea kazi mwenyewe. Wiki za kwanza alibeba vizuri. Kisha akaanza kutegea. Bega lake lilikuwa chini ya chuma, mdomo wake ukiimba kuliko wa mtu yeyote, lakini mzigo haukuwa wake. Niliuona kwa Mmakua aliyebeba nyuma yake: bega lilimvimba, na usiku alilalia upande mmoja. Hakusema neno. Hakuna aliyesema, kwa sababu yule alikuwa shemeji wa nyapara.

Kimya kile kiliniuma. Watu wangu walidhani upendo wetu ni wa kufichiana.

Mchana tulipoketi kuzunguka ugali wa muhogo na samaki mkavu, nikasema mbele ya wote, "Shemeji, unategea."

Mkono wake ulisimama njiani. "Mimi?"

"Wewe. Mtazame mwenzako bega lake."

"Umeshakuwa Mzungu sasa," akasema. "Unaniaibisha mbele ya watu, mimi ninayemlisha dada yako?"

"Kula ushibe. Lakini kesho unabeba mbele yangu, na mimi nitabeba nyuma yako. Ukilegeza, uzito uniangukie mimi."

Akanawa mkono, akaondoka. Siku chache baadaye dada yangu alinitumia salamu: nisikanyage kwake. Niliumia, sikatai. Lakini maneno yangu sikuyarudisha.

Shemeji naye, kesho yake tu baada ya mlo ule, alibeba. Alibeba kwa hasira, bila kuimba, na chuma kilikuwa chepesi.

Msimamizi akapata habari. Akaja akitabasamu, ananipiga bega. "Sasa umekuwa nyapara kweli. Fukuza huyu mvivu, wengine waogope."

"Simfukuzi, Bwana. Leo amebeba kama mtu."

"Nasema fukuza!"

Kazi ilikuwa imesimama, genge zima linatutazama. Nikavua filimbi, nikamwekea kiganjani. "Tafuta nyapara mwingine. Mimi narudi kwenye chuma."

Alileta mtu mwingine, kijana wa watu, mpole, aliyekula peke yake hemani na kupuliza filimbi alivyoagizwa. Hatukumsumbua. Hakuwa na la kutufanya: akipuliza tulikuwa tumeshainua. Mtu akitegea alisikia kwa jirani yake kabla nyapara hajageuka, na mkali kuliko wote alikuwa shemeji. Dada yangu alikuja kunifungulia mlango baada ya mavuno. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, alipika, tukala.

Reli ilipokwisha, tulishuka mjini kutafuta kazi ya kupakia meli. Karani wa gatini alitupitisha macho mmoja mmoja kama mtu anayechagua mbuzi, akawatenga vijana wenye vifua. Mmakua mwenye bega bovu akaambiwa arudi kwao, nami pia, kwa kuwa msimamizi wa reli alikuwa ameshanisema kuwa mkaidi.

"Wote au hakuna," shemeji akasema.

"Unasemaje wewe?"

"Umesikia. Tunapakia wote, au tunakwenda zetu wote."

Vijana waliochaguliwa wakatoka kwenye mstari wao, wakaja kusimama upande wetu. Karani akageuka kutazama magunia yaliyorundikana, na nahodha aliyekuwa juu ya meli akifoka kwa kucheleweshwa. Akatukana, kisha akafungua lango.