Kopo Chini ya Kitanda cha Mzazi

Mtu mwenye kinyaa kama Tahiya sijapata kumuona. Alikuwa akifua mashuka hotelini Kendwa, na kikombe chake hukiosha kabla ya kunywea, akimaliza hukiosha tena, utasema kuna mtu kalala ndani. Akimuona mtu anatafuna tambuu, anahama kiti.

Basi huyo huyo ndo alokuja kulala na kopo la mate mekundu chini ya kitanda.

Aliolewa mjini Unguja, Malindi, na Hamid, mchukuzi wa bandarini, wakakaa nyumba moja na mavyaa wake, mama yake Hamid, Bi Duni. Bi Duni na kikebe chake cha tambuu ni kama sisi na simu zetu, hata chooni anakwenda nacho. Mimba ilipoingia, Tahiya akawa anatapika mpaka maji. Mavyaa akamhurumia kwa njia anayoijua: akamsokotea jani na popoo, chokaa, na kipande kizuri cha tumbaku, akamwambia atafune, kichefuchefu kitakata. Kikakata kweli. Siku ya pili akaomba mwenyewe. Tumbo lilipoonekana, alikuwa haamki asubuhi bila ya tambuu shavuni.

Kliniki nesi akamuuliza kama anavuta sigara. Akacheka. Akasema havuti, na wallahi hakusema uongo. Mji huu tumbaku ikitoa moshi ni uhuni, ikifungwa ndani ya jani ni adabu za kumpokea mgeni.

Mtoto akazaliwa mdogo mno, mikono kama njiti za kiberiti. Wakasema kafata upande wa baba.

Arubaini ya uzazi ikaanza. Madirisha yamefungwa mzazi asipigwe na baridi, udi unafuka, na wageni waliokuja kumtazama mtoto wamekaa kitandani wanatafuna. Kopo linapita mkono kwa mkono juu ya kichwa cha kichanga. Bibi mmoja alikosa shabaha, shuka ikaingia doa. Akalifuta kwa kidole, kisha kwa kidole kile kile akamfinya mtoto shavu. Wenzake wakasema mashallah.

Tahiya kaelekea ukutani. Hali, halali, mtoto akilia anaziba masikio. Wageni kila mtu na lake: anadeka, kapandwa na shetani, kazoea raha za hotelini. Bi Duni akamsokotea nyengine, tumbaku akazidisha.

Ndipo mdogo wake Tahiya, Shemsa, alipofika kutoka Nungwi na supu ya pweza. Akaziba pua, akamtania dada yake kwamba chumba kinanuka kama banda la mbuzi wenye meno mabovu. Akangoja acheke. Tahiya hakugeuka.

"Mtoe mtoto humu," akasema. "Usiniache naye peke yangu. Nnaiogopa mikono yangu."

Yule bibi akatema koponi, akasema astaghfirullah, mama gani huyo.

"Shikamoo, bibi," Shemsa akamwambia. "Haya, toka."

Bi Duni akapinga, arubaini haijesha, majirani watasema. Hamid akenda kutafuta gari.

Nesi wa hospitali aliyaona meno ya Tahiya, akauliza moja kwa moja kama anatafuna tumbaku. Akawaambia tumbaku ni tumbaku, ivutwe au itafunwe, na mtoto huipata tumboni. Hii huzuni ya kuzaa nayo ni maradhi, si deko wala si shetani, na yana daktari wake. Akawapeleka kwa daktari huyo siku ile ile.

Waliporudi nyumbani, kuacha tambuu kulikuwa kazi. Tahiya akiuma mto, akimtukana Shemsa, akilia. Shemsa akakaa naye, mtoto mapajani, hakumwacha naye peke yake hata siku moja.

Wageni walirudi. Wakamkuta kakaa kitako, anamnyonyesha, hacheki lakini yupo. Bi Duni kwa mazoea akaingia na kopo.

"Mama, kopo hilo lanuka," Tahiya akamwambia.

Bi Duni akashangaa, akasema mbona siku zote lipo humu.

"Ndo nnavosema. Litoe."

Bi Duni yuko barazani mpaka leo, yeye na kopo lake na mabibi wake, mate yanaruka kama mvua ya vuli. Mle ndani Shemsa akaleta birika la chai na kikombe. Tahiya akakigeuza kikombe, akachungulia ndani, akamrudishia kikaoshwe tena.