Jogoo wa Mkwe

Bibi mmoja, jirani yake Hajira kule Masaki ya Kisarawe, hali nyama, na wenzake wa rika lake, wanaotembelea mikongojo, husema hiyo ndiyo siri ya nguvu zake. Akiulizwa hucheka tu, akaendelea kutwanga kisamvu. Mchuzi wa nazi huuonja kwa kudondosha tone kiganjani, akalilamba huku amefumba macho. Ukimpelekea kuku wa heshima, atampokea kwa mikono miwili, atakushukuru mpaka uone haya, kisha atamfungua kamba. Ndiyo maana uani kwake kumejaa kuku wazee walioacha kutaga zamani.

Hajira alisahau kumwambia hayo mkwewe mpya, Ashrafu, aliyekuja kutoka Visiga kumsalimu bibi huyo na jogoo mnene. "Bibi, huyu tunamla leo leo," Ashrafu alisema akimkabidhi. Hajira alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi akamfungua jogoo kamba kama kawaida yake, lakini huyu mgeni hakuzoea uani, akatimkia kwenye mihogo. Ashrafu mbio nyuma yake. Bibi akakaza khanga kiunoni, naye akafuata. Wa kwanza kurudi alikuwa Ashrafu, mikono mitupu, anahema hata salamu hazitoki. Bibi akarudi na jogoo kwapani, anaimba. "Kaa, baba, kisamvu kimeiva." Ashrafu akala, akaongezwa, nyama hakuiulizia.

Ashrafu aliporudi tena, Hajira alimwona ameshika tetea, akajishika kichwa. "Shikamoo, bibi," Ashrafu alisema, akiinama kufungua kamba kwa mkono wake mwenyewe. "Nimemletea jogoo wako mwenzake."