Mama Mkwe Aliyekimbilia Jikoni

Sifa ni kwa Mungu, aliyeniamsha leo tena katika nyumba hii ya watu wawili ambamo nimebaki peke yangu.

Binti yetu wa mwisho anaishi Mbeya. Mwaka juzi alikuja hapa Ilula na marafiki wanne na kamera ya kuazima, wakapiga filamu ya mapenzi ya kuchekesha. Utingo wa lori anampenda muuza nyanya wa barabarani, na kila safari ananunua tenga zima asilolihitaji. Waigizaji wa kulipwa hawakuwepo. Binti akaigiza muuza nyanya, na mke wangu akawa mama wa muuza nyanya.

Hapo kazi ikaharibika. Kwetu Wahehe, mama hakutani uso kwa uso na mkwewe. Kila mara kijana aliyeigiza utingo alipoingia uani kuposa, mke wangu alijifunika khanga, akageuka, akaingia jikoni.

"Mama, ni mchezo tu!"

"Mchezo gani? Si amesema anakutaka?"

"Ameandikiwa aseme!"

"Basi na mimi niandikie niende jikoni."

Walirudia mara saba. Mara zote jikoni. Mpiga kamera alicheka mpaka akakaa chini.

Mvua zilipoanza, Mungu alimchukua mke wangu.

Mwezi uliopita binti aliniita Mbeya, akaniwekea filamu kwenye kompyuta. "Baba, nataka ukweli, siyo maneno ya msibani." Wenzake walitaka kipande cha posa kikatwe na kirudiwe na mama mwingine, maana huyu anaonekana mgongo tu.

Nilimwambia ukweli. Sauti ni mbovu. Upepo na malori vinameza maneno. Kijana anampenda msichana haraka mno, na ugomvi wao wa katikati ni mrefu kuliko mahubiri niliyotoa nilipokuwa mwinjilisti. Lakini wauza nyanya wanataniana kama wanavyotaniana kweli, na ile asubuhi yenye ukungu ni ya kwetu kabisa. Nilicheka mahali pengi.

"Na mama?"

Niliogopa upweke wangu usije ukajibu badala yangu. Nikaomba kipande kile tena, nikajaribu kukitazama kama mgeni. Kijana anaongea, mwanamke anageuka, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko anachokificha.

"Kwingine kote mnaigiza," nilisema. "Hapa hakuna anayeigiza. Mama akishamkimbia kijana hivyo, kila mtu wa kwetu anajua ameshamkubali kuwa mkwe."

Binti akafuta macho. Kipande kimebaki.

Sasa filamu ninayo kwenye simu. Jioni, baada ya sala, naitazama mpaka pale tu anapoingia jikoni. Nasubiri kidogo, ingawa najua hatoki. Kisha nanyanyuka kwenda kuwasha moto mwenyewe.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe wa kula naye leo. Na siku atakapomwita huyo, akuachie japo mgongo wake ukicheka.