Wifi Yangu, Mtoa Maoni

Wifi yangu alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuuza barafu za rangi, zile za kufunga kwenye vifuko vya plastiki, na hiyo ndiyo iliyomletea chumvi na sabuni. Ya pili ilikuwa kutoa maoni, na hiyo ndiyo iliyompa jina. Mtaa mzima ulimwita Mama Maoni. Hata watoto wake, walipokuwa wadogo, wakitumwa dukani walisema, "Mama Maoni anataka kiberiti."

Kama huijui kazi hiyo, ngoja nikueleze. Wageni wa mazingira hawaishi kuja mtaani kwetu. Leo wa miti, kesho wa majiko, keshokutwa wa mifuko ya plastiki. Wanafunga turubai, wanapanga viti, wanagawa soda, halafu wanasema, "Sasa tunataka kusikia maoni ya wananchi." Hapo kila mtu anaangalia viatu vyake. Nani anataka kusema pumba mbele ya kamera? Basi mwenyekiti wa mtaa humtafuta wifi yangu kwa macho, na yeye huwa ameshasimama zamani, kitambaa cha kichwa amekikaza, koo amelisafisha.

Na alijua kusema, nisimnyime haki yake. Alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo, sauti ya kumfanya mtu aache kutafuna. Kwa watu wa miti alitoa machozi ya kweli. Wenye kiwanda cha mbao walipokuja na soda zao, akasema miti imeumbwa ikatwe, vijana wanataka ajira. Kwa watu wa plastiki aliapa kwamba mfuko wa plastiki ni adui kuliko nyoka, akapigiwa makofi, akarudi nyumbani akakaa kwenye kigoda chake kufunga barafu ndani ya adui yule yule. Nikamuuliza, "Wifi, hivi wewe hasa unaamini lipi?"

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Wifi yangu nawe! Mtu kakuletea soda, utampa maneno machungu? Wanataka maoni, nawapa maoni. Ya kwangu mwenyewe ya nini?"

Kaka yangu, mumewe, ni fundi bomba, mtu wa maneno machache mpaka ukadhani anaumwa jino. Nyumba yao aliijenga mwenyewe, kando ya mto, jirani kabisa na yangu, kuta zetu zikipeana mgongo. Ilianza chumba kimoja cha mabati ikaja kuwa vyumba vinne vya matofali, na mabomba yote ya ndani aliyaunga kwa mabaki aliyopewa kwenye kazi za watu. Humo ndimo alimomuuguzia mama yetu mpaka akafa. Hawakuwa na kingine duniani. Shamba hakuna, akiba hakuna, nyumba ile ndiyo iliyokuwa uzee wao.

Mto wenyewe usiniulize. Ng'ambo walikuwa wamejenga watu waliokuja juzi juzi, vibanda vya mabati na maturubai, vyoo vyao vinaelekea majini, taka wanazimwaga usiku. Sisi wa upande huu tulimwaga mchana. Eh, nasema ukweli, nimwogope nani? Lakini tukiwatazama wale tulijiona malaika. Mvua ikinyesha na maji yakipanda, tulisimama kwenye kuta zetu tukisonya, "Wale watu wanaharibu mto."

Basi mwaka wa mafuriko wakaja watu wa ofisi ya mto. Walikuja wengi, na ramani, na vipaza sauti, na turubai wakalifunga upande wetu. Hapo ndipo tulipopotea. Sisi tuliamini kwamba mtu akikaa kwenye kiti chako akanywa maji ya mtungi wako, huyo ni mgeni wako, na mgeni habomoi nyumba ya mwenyeji. Viti vya mkutano ule vilitoka kwangu, nikavifuta kwa mkono huu huu. Tukaambizana, wangekuwa na nia mbaya na sisi wangekuja kukaa kwetu? Thubutu! Hao wamewafuata wale wa ng'ambo. Ramani ilitundikwa mbele yetu, ina mistari miwili myekundu, mmoja huku na mmoja kule, na mto katikati. Tuliitazama kama picha ya kalenda. Hakuna aliyeuliza.

Afisa wao, bwana mmoja mpole mwenye miwani, akasema, "Tungependa kujua, wananchi mnawaonaje watu waliojenga ukingoni?"

Mwenyekiti akatupa jicho. Wifi yangu akasimama.

"Waheshimiwa," akasema, "mto ni mama. Aliyejenga ukingoni amemkalia mama yake kifuani. Sisi tunasema waondoke! Msiwaonee huruma. Wakilia, waacheni walie. Wakisema hawana pa kwenda, waulizeni walitoka wapi. Leteni matingatinga hata kesho, mto unataka nafasi yake!"

Tulishangilia mpaka viti vikaanguka. Nami nilipiga vigelegele, usidhani nilikaa kimya. Mama mmoja wa ofisini aliyemshikia kinasa sauti akamwomba airudie ile ya mwisho, naye akairudia, safari hii vizuri zaidi. Ng'ambo watu walikuwa wamesimama milangoni kwao wanatusikiliza. Mwanamke mmoja alikuwa na beseni la nguo kichwani na hakulitua mpaka mkutano ukaisha.

Nyumbani kaka yangu alimuuliza mkewe jambo moja tu. "Huo ukingo unaanzia wapi?"

"Aka! Kwani huoni?" akamjibu, akimwonyesha ng'ambo kwa kidevu.

Wachora alama za kubomoa walipokuja walianza na vibanda vya kule, tukatoka kutazama kama tunatazama mpira. Kisha wakavuka daraja. Wakapaka alama nyekundu kwenye ukuta wangu, wakasogea, wakapaka mlangoni kwa kaka yangu. Wifi akawakimbilia na kitambaa chenye mafuta ya taa, anaifuta, huku anawaambia, "Nyie, mmepotea nyumba! Mnajua mimi ni nani?"

Tukaenda naye ofisini. Afisa mwenye miwani alimkumbuka vizuri sana, akamvutia kiti. "Mama, tunakushukuru," akasema. "Tulikuwa na hofu wananchi watapinga. Maoni yako yametusaidia mno."

"Lakini baba, mimi nilikuwa nawasema wale!"

"Mama, mto una kingo mbili."

Wifi yangu akanitazama, akamtazama yeye. "Basi nayafuta. Nayafuta maoni yangu yote."

"Hayafutwi, mama. Yameshakwenda juu." Akasimama kutufungulia mlango, na upole wake ule ule. Ningeweza kumng'ata.

Sasa sikia ukatili. Siku za mwisho wakatuma gari la matangazo lipite mtaani kuwahimiza watu wahame. Lina spika mbili juu, na muziki kidogo mbele. Muziki ukakoma, ikaja sauti nzito yenye mkwaruzo. "Sisi tunasema waondoke! Msiwaonee huruma!" Wifi yangu alikuwa anafunga barafu. Alitoka nje mdomo wazi, na kila jirani akatoka nje, na wote wakamgeukia. Gari likapita polepole, likafika mwisho wa mtaa, likageuza. "Wakilia, waacheni walie!" Mjane wa nyumba ya tatu, shoga yake wa miaka yote, alivuka barabara akamzaba kofi, akarudi kwake kufunga vyombo. Mimi nilikuwa karibu na sikumzuia. Nilitaka apigwe, ndiyo. Nyumba yangu nayo ilikuwa na alama.

Kaka yangu alishinda ndani anafungua mabomba. Aling'oa koki moja moja, akaziweka kwenye ndoo, hakumtazama mkewe. Watu wa ng'ambo wao walikuwa wameshamaliza. Turubai unalikunja, bati unalibeba, matofali utayafanyaje? Wakapita mbele yetu na mizigo yao. Yule mwanamke wa beseni alisimama mbele ya wifi yangu, mabati kichwani, akatabasamu kabisa.

"Mkuki kwa nguruwe, eh, mama?"

Tingatinga lilianza na vyumba vya nyuma. Wifi alijitupa mbele yake, akalia kwa sauti ile ile. Askari wawili wakamwinua wakamweka kando ya barabara. Nyumba ya kaka yangu ilikwenda chini kabla chai ya mchana haijachemka, na yangu ikaifuata. Vumbi lilipotulia, mto ulikuwa pale pale, mchafu vile vile.

Kutafuta chumba ndiko kulikommaliza wifi yangu. Gari lile lilikuwa limezunguka mitaa yote. Tulifika nyumba ya kwanza, wifi akasema, "Hodi, wenyewe tumewakuta?" Mwenye nyumba akainua kichwa. "Heh! Huyu si yule wa kwenye spika? Tokeni! Asije akatuitia matingatinga na hapa." Nyumba ya pili hivyo hivyo. Nyumba ya tatu mwenyewe aliwaita mkewe na watoto waje wamsikie, wakamwomba aseme "waondoke," akasema akidhani watamhurumia, wakacheka, wakafunga mlango.

Jioni tukafika kwa bibi mmoja mwenye vyumba vya uani. Wifi akavuta pumzi asalimie. Kaka yangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akamtangulia.

"Shikamoo, mama. Tunatafuta chumba. Mke wangu huyu ni bubu."

Niliona ulimi wa wifi yangu unatikisika mdomoni. Nilikuwa nimeshika godoro, mkono umekufa ganzi, nikalihamishia mkono wa pili.

"Marahaba. Ee, maskini," bibi akasema. "Alizaliwa hivyo?"

"Hapana," kaka akajibu. "Ilimpata ukubwani."

Bibi akamhurumia sana. Akampa ufunguo yeye mwenyewe mkononi, akamwonyesha choo kwa vidole, akamwonyesha bomba kwa vidole, na wifi yangu akaitikia kwa kichwa. Mpaka leo anaishi pale, nami nilipanga chumba cha jirani. Vyumba havina dari, sauti ya chumba cha kwanza inasikika cha mwisho, kwa hiyo hata akiwa na mumewe hasemi. Kaka anasema amezoea.

Juzi binti yao alikuja kuwatembelea na mtoto wake, ambaye ndiyo kwanza anajua kuongea na anauliza kila kitu. Wifi alimpakata, akamchana nywele, akampa barafu. Mtoto akamkazia macho, akamgeukia mama yake.

"Mama, bibi haongei?"

Mwenye nyumba alikuwa mlangoni anaanua nguo. Binti akamtazama mama yake, akautazama mlango.

"Haongei," akasema.