Mlango wa Amuria

Mke wangu Amuria alijenga nyumba yetu mara nyingi. Ngapi, sijui. Kwetu Turkana mwanamke ndiye anayejenga. Mwanamume ana kigoda chake na fimbo, basi.

Mimi nilikuwa askari wa ghala la mahindi Lodwar, miaka thelathini na moja. Nyumbani, huku ng'ambo ya laga ya Kakuma, ule mto wa mchanga, nilikuja Krismasi na siku ya msiba. Niliacha kazi mwisho wa 2010. Kwa hiyo ndoa yetu ni ya miaka thelathini na mitatu, lakini kukaa pamoja ni miwili tu.

Na hiyo miwili sikukaa. Asubuhi yeye anakamua mbuzi, anachemsha chai, anashuka laga kukata majani ya mikoma. Mimi nazunguka boma. Nahamisha kigoda, kivuli hiki, kivuli kile. Nageukia barabara, nione nani anakuja.

"Kaa chini, wewe mzee," ananiambia. "Hapa hakuna ghala."

"Mlango ungeangalia barabara, ningekaa."

"Na upepo ungeingia ukae na wewe. Mlango wangu uache."

Kila wiki maneno ni hayo. Siku nyingine aliyasema yote mwenyewe, yangu na yake, tukacheka.

Alikufa mwezi wa kumi na moja, 2012. Kifua. Siku nne.

Binti yetu Apua, aliyeolewa Lodwar, alikaa na mimi wiki mbili. Siku ya kuondoka alitazama nyumba. Majani ya juu yalikuwa yameoza. Mama yake alikata mapya, akayarundika pembeni, hakuwahi kuyaezeka.

"Baba, hii haitamaliza mvua. Twende Lodwar. Kwangu kuna mabati."

"Nitakaa hapa."

"Nani atakujengea?"

Nikahamisha kigoda.

"Nitakuja mvua ikianza, baada ya kura. Nikikuta unanyeshewa, unapanda gari na mimi. Sitaki ubishi."

Wake za jirani yangu Ejore wangenijengea, ningeomba. Sikuomba. Sikutaka mkono wa mwanamke mwingine kwa nyumba ile.

Mwezi wa pili nyumba ililala upande. Nikavunja nusu, nikasimamisha fito tena, nikachukua yale majani yake. Nilianzia juu, maana juu ndiko kulikooza. Mlango nikaugeuzia barabara. Sasa hakuna wa kunikataza.

Ejore, rika langu, alipita na mbuzi.

"Losike! Umeolewa na nani?"

"Pita."

"Napita. Nikirudi, unisukie kikapu."

Siku ya tatu upepo ulikuja. Mchanga ukajaa kwa blanketi, kwa sufuria, kwa chai. Nikatafuna chai.

Ndipo Ayak akaja. Ni mama Mdinka wa kambi ya wakimbizi. Amuria alimpelekea kuni miaka mingi, yeye akampa unga. Alikuwa amesikia msiba. Aliweka unga chini, akalia kidogo, halafu akatazama juu.

"Mzee, hii nani nafanya?"

"Mimi."

"Maji yote itaingia. Majani ya juu inafaa kulalia ya chini. Wewe naanza juu, sasa ya chini nalalia ya juu."

"Ni kazi ya wanawake. Siijui."

"Kwetu mwanaume ndio naezeka. Baba yangu hakuna mwanamke atagusa nyasi yake!" Akacheka, machozi bado yapo. "Anza chini. Funga, panda. Funga, panda."

Nilifumua kazi yangu yote. Ile nusu iliyobaki ya Amuria nikaikaribia, nione alivyofunga. Kamba yake inazunguka mara mbili, ncha inafichwa ndani. Hakuna hata moja iliyolegea. Miaka miwili mafundo hayo nimeyapa mgongo, nikiangalia barabara.

Nikafunga, nikapanda. Vidole vikakatika. Ejore alipita tena, akasimama, akatazama, akaendelea na mbuzi wake. Mlango nikaurudisha pale alipouweka Amuria.

Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa kubwa. Laga ikajaa. Nilikaa ndani kwenye kigoda. Ukiwa kwa mlango ule huoni barabara. Unaona zizi la mbuzi, mikoma, na kinjia alichokanyaga yeye kila siku. Miguu ilitaka kutoka. Niliizuia.

"Baba."

Niliruka. Apua alisimama pembeni ya nyumba, amelowa, viatu mkononi, gunia la kubebea vitu vyangu kwapani. Miaka thelathini na moja hakuna mtu aliyenifikia kabla sijamwona.

Aliingia. Akapapasa majani. Tone likamwangukia begani. Yeye akaangalia tone, mimi nikaangalia mbuzi.

"Inavuja."

"Hapo tu."

Akapitisha kidole kwenye kamba. "Hili fundo nani alikufundisha?"

"Mama yako."

"Lini?"

Niligeukia lile fundo. Mvua ikapiga. Halafu Apua akakunja lile gunia, akanyoosha mikono, akalichomeka pale panapovuja. Akalisukuma mpaka likashika.

"Mvua ikikatika utoe, uweke jani," alisema. "Mimi narudi Lodwar na gari la saa nane."

Gari lilipoondoka nililisikia tu. Niliinuka nikalione. Nikarudi. Nikainuka tena, nikafika mlangoni. Mara ya tatu miguu ilipotaka, nilikaa.