Fundi, soma na hili

Fundi aliyenitengenezea kompyuta hapa Kasongo ndiye aliyekuwa akiiba mitihani yangu.

Watu walisema mwalimu mzee anawauzia wanafunzi maswali. Mimi! Katika uzee huu!

Kisha nikaona programu nisiyoijua ikifanya kazi chinichini. Nikamwuliza fundi.

"Mwalimu, ile ni kitu ya mashini yenyewe. Iko safi, usiiguse!"

Nikaichunguza. Jina lake lilifanana na la programu halali, lakini haikuonyesha mtengenezaji, tena iliingia siku ileile kompyuta ilipokuwa kwake. Nikashuku inampelekea kila ninachoandika.

Sikuifuta. Niliandika kwenye kompyuta hiyo mtihani wa uongo kuhusu mito. Ule wa kweli, kuhusu udongo, niliuandika ubaoni asubuhi ya leo.

Meza ya nyuma nzima ikajibu habari za Mto Lualaba.

Nikauliza kwa upole, "Lualaba imetoka wapi?"

Mmoja akalia: "Mwalimu, ni fundi alituuzisha ile maswali!"

Programu bado inafanya kazi, na ninaandika kwenye kompyuta hiyohiyo. Basi fundi, soma na hili: wazazi wao wako njiani kuja kwako.

Ndugu zangu, niiondoe sasa, au kwanza asome maoni yenu?